Fundi Mizani na Ngumi Ambazo Hazikupigwa

Kwa Fundi Mizani, kila mizani ni mwongo mpaka itakapothibitika vinginevyo. Ameishi na imani hiyo miaka thelathini na mbili, juu ya kigoda kile kile, mwisho wa soko la ndani, kati ya muuza ndoo na mchonga funguo. Mizani ya sahani, ya kuning'iniza, ya jukwaa, hata ile ya zahanati ya kupimia watoto wachanga, zote zimepita mapajani mwake. Springi iliyochoka anaitambua kwa sikio. Wauza sukari wanamwogopa kuliko mkaguzi, kwa sababu mkaguzi hupiga hodi, lakini Fundi hukohoa tu kwenye kona na jiwe la kilo moja hujirudisha lenyewe mahali pake.

Kwa kuwa anajua kupima unga, mtaa uliamua kwamba anajua kupima na haki. Ndugu wawili waliogombea kitanda cha marehemu baba yao walimpelekea yeye kesi. Akawaambia kitanda hakigawanyiki kwa gramu. Wakaondoka wameridhika, ingawa mpaka leo hakuna anayejua nani alipewa kitanda, na wote wawili wanalala chini.

Lakini mtu anayeaminiwa na kila mtu hakosi jambo moja ambalo hafai kuaminiwa nalo hata dakika moja. Kwa Fundi, jambo hilo lilikuwa ngumi.

Hakuwahi kurusha ngumi maishani mwake. Alipigwa mara moja, na muuza dengu, kwa kandambili. Lakini kila jioni, akishanawa grisi, alifungua daftari lake kubwa lenye jalada gumu na kuwapiganisha mabingwa wa uzito wa juu ambao hawakuwahi kukutana. Mmoja alistaafu kabla mwenzake hajaota meno. Mwingine alikuwa kaburini wakati mwenzake anajaribu glavu za kwanza. Daftarini wote walifufuka, wakavua majoho, wakasubiri kengele.

Alikuwa na sheria. Kila bondia aje na umri wake bora. Glavu zisiwe nyembamba kama za zamani wala zisiwe mito ya kulalia kama za sasa. Na kwa kuwa wa zamani walipigana raundi kumi na tano na wa sasa kumi na mbili, yeye kwa uadilifu wa kazi yake aligawanya katikati, akapata raundi kumi na tatu na nusu. Nusu hiyo ilimsumbua sana. Hakuna kengele ya nusu raundi, na mabondia wawili walishazimia daftarini kwa kutojua waache saa ngapi.

Tatizo jingine lilikuwa la mviringo. Radi alimpiga Mwamba. Mwamba akampiga Bundi. Bundi, ambaye kwa hesabu hiyo alipaswa kuwa dhaifu wa wote, akampiga Radi raundi ya sita. Fundi aliyarudia mapambano hayo mara nne na kila mara yakaishia vile vile, kama mbwa anayefukuza mkia wake. Mwishowe akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Uchunguzi unaendelea."

Bondia mmoja tu ndiye hakumchanganya kabisa. Huyo aliitwa Nyundo. Nyundo alipanda ulingo wa daftari mara arobaini na moja, akashinda mara arobaini na moja. Na Nyundo, ni vizuri jambo hili lisemwe mapema kabla watu hawajaanza kunong'ona, alikuwa baba mkwe wa Fundi.

Siku Fundi alipokwenda kuposa, mzee hakumuuliza ukoo, hakumuuliza kazi. Alimtazama toka juu mpaka chini kisha akauliza, "Mimi na Radi, aliyenitangulia, nani angeshinda?"

"Wewe, baba. Raundi ya tano."

"Kwa nini ya tano? Kwa nini si ya nne?"

"Ya nne ungekuwa bado unamheshimu."

Akapewa mke siku hiyo hiyo. Tangu hapo, kila jioni kwa miaka ishirini na tisa, mzee aliuliza swali hilo akibadilisha jina la mpinzani, na kila jioni Fundi alijibu, "Wewe, baba." Wapo watu hulala kwa dawa. Nyundo alilala kwa jibu hilo.

Sasa Nyundo alikuwa na miaka themanini na moja. Alihamia kwa binti yake, chumba cha nyuma chenye dirisha la kutazama uani, na kumbukumbu zilikuwa zinamtoka moja moja, kama watu wanaoaga harusini bila kumwambia mwenye shughuli. Asubuhi alisahau kama amekunywa chai, akanywa nyingine. Siku moja alimwamkia bintiye shikamoo. Mama Pacha, maana ndivyo binti huyo aitwavyo tangu ajifungue wawili kwa mpigo, aliitikia marahaba kwa upole, kisha akaenda kulia karibu na ndoo za maji ambako kelele ni nyingi.

Hapo ndipo lilipoingia suala la ukuta.

Ukumbi wa ndondi wa mtaa ulikuwa unapakwa rangi upya. Juu ya mlango, upande wa barabarani, palibaki ukuta mtupu. Kamati ya ukumbi, yenye wajumbe saba ambao watano kati yao ni makamu mwenyekiti, iliazimia ichorwe picha ya bingwa wa mabingwa. Mmoja tu, kwa sababu mchoraji wa mabango alisema rangi ya ngozi iliyobaki kwenye kopo inatosha uso mmoja na sikio. Wazee wakasema Nyundo, aliyetawala miaka hamsini iliyopita na kustaafu bila kupigwa. Vijana wakasema Tingatinga, aliyetawala miaka ishirini na mitano iliyopita na kustaafu bila kupigwa, na ambaye sasa ana bucha karibu na kituo cha mafuta. Walibishana majuma matatu. Viti viwili vilivunjika, vyote vya plastiki.

Katibu akaja kwa Fundi na faili kwapani. "Fundi, sisi tumeshindwa. Wewe ni mtu wa kupima. Jumamosi saa nne asubuhi utusomee uamuzi: Nyundo na Tingatinga, kila mmoja katika ubora wake, nani angeshinda."

"Mmoja ni mkwe wangu."

"Na mwingine unamtengenezea mizani. Mizani imekaa sawa pande zote. Hatuna mtu mwenye uwiano kama wako."

Habari zikamfikia mzee kabla Fundi hajafika nyumbani. Alimkuta amenyolewa, amekaa kitandani amevaa koti lake la ubingwa, la bluu, lenye vifungo vya shaba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkwe, wanichore upande wa kushoto. Wa kulia una kovu."

"Sawa, baba."

"Sikiliza. Mimi nasahau." Alisema kama mtu anayekiri kuiba. "Jana nilimtazama mtu kwenye kioo nikamwambia anipishe. Wakinichora pale juu, siku nikishindwa kujijua nitapita nitazame. Nitasema, aa, kumbe ni huyu. Kisha nitarudi nyumbani. Umenielewa?"

Fundi alielewa. Akaenda kukaa na daftari lake, moyo umetulia, kwa sababu kuhusu Nyundo hapakuwa na la kufikiri. Kwenye ubao wa mabingwa pale ukumbini, kila jina limeandikwa na uzito wake. RADI 196. NYUNDO 184. BUNDI 132. MWAMBA 98. TINGATINGA 108. Hesabu za mtoto wa darasa la pili. Tingatinga alikuwa mia na nane. Nyundo mia na themanini na nne. Mtu mwenye kilo mia na themanini na nne hahitaji hata kurusha ngumi. Katika mapambano mengi ya daftari, Nyundo alimwegemea tu mpinzani mpaka refa akahesabu kumi.

Mtu anaweza kuuliza: hivi fundi wa mizani, anayegundua gramu tano zilizopotea kwenye mfuko wa chumvi, hakuona kwamba baba mkwe wake anapita mlango wa choo bila kugeuka ubavu? Aliona. Lakini alijieleza kwamba uzee hukausha. Koti la ubingwa lilimpwaya mzee kidogo tu? Basi lilipelekwa kwa mshonaji likapunguzwa. Kwenye picha ya zamani alionekana mtu wa wastani? Mpiga picha alisimama mbali. Halafu kuna jambo la adabu. Unga hupimwa, mchele hupimwa, mtoto mchanga hupimwa. Mkwe hapimwi.

Alhamisi, wapaka rangi walivunja stoo ya ukumbi na kukuta mizani ya jukwaa iliyolala chini ya magunia, ile ile iliyopimia mabondia enzi za Nyundo. Katibu akaisukuma kwa mkokoteni mpaka kwa Fundi. "Itengeneze. Jumamosi mabingwa wote wawili watapanda juu, tupate sherehe kidogo. Watu wanapenda kuona mtu anapimwa."

Ilikuwa mizani nzuri ya chuma, mkono wake wa shaba umevimba kutu ya kijani. Fundi alisugua kwa brashi ya waya, taratibu, akipiga mluzi. Zikatoka namba: hamsini, mia, mia na hamsini. Akaendelea kusugua kuelekea ukingoni. Zikatoka herufi. Ra. Akasugua. Rati. Mluzi ukakatika.

RATILI.

Muuza ndoo anasema alimwona Fundi amekaa na brashi hewani muda wa kuuza ndoo tatu.

Ratili moja haifiki hata nusu kilo. Hilo Fundi alilijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akachukua chaki, akaandika sakafuni. Mia na themanini na nne, ratili. Akagawanya kwa mbili na kitu. Jibu likaja kilo themanini na tatu na nusu. Akafuta kwa kiganja, akagawanya upya, kwa mkono wa kushoto safari hii, labda ungekuwa na maoni tofauti. Themanini na tatu na nusu.

Kumbe wazee walipotaja mia na themanini na nne walimaanisha ratili, vijana wakasikia kilo, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kutaja kipimo, mtaa mzima ulikubaliana kwa miaka hamsini.

Alifungua daftari. Mapambano arobaini na moja ya Nyundo, karibu yote aliyashinda kwa kuegemea. Kilo themanini na tatu haziegemei mtu. Radi naye akanyauka mbele ya macho yake, akabaki themanini na tisa. Na Bundi je? Mia na thelathini na mbili. Kama ni kilo, ni jitu. Kama ni ratili, ni kilo sitini, mtu anayefaa kuning'inizwa pamoja na nguo zinazokauka, na ambaye hata hivyo alimpiga Radi raundi ya sita. Bundi alitawala katika miaka ile ile ambayo nchi ilikuwa inahama kutoka ratili kwenda kilo, na alishakufa, na hakuacha hata suruali ya kupimia.

Nyumbani alimsubiri mkewe amalize kukunja nguo.

"Mama Pacha, baba yako ana kilo themanini na tatu na nusu."

"Sasa hivi? Mbona amekonda, labda sitini."

"Sio sasa. Wakati ule."

"Wakati ule alikuwa mia na themanini na nne. Nimekua nikiijua hiyo namba kuliko siku yangu ya kuzaliwa."

"Ratili."

Mama Pacha aliweka shati chini. "Unataka kuniambia baba yangu amepungua kilo mia moja tangu asubuhi?"

"Hajapungua. Hakuwa nazo."

"Zilikwenda wapi?"

"Hazikuwepo, mke wangu."

"Baba Pacha, ngoja. Alipigwa?"

"Hakupigwa."

"Na hao aliowapiga, walinyanyuka?"

"Wengine baadaye."

"Basi mimi sioni kilichobadilika."

"Kilichobadilika ni kwamba Tingatinga alikuwa kilo mia na nane. Amemzidi baba nusu mfuko wa saruji. Siku hizi mtu wa kilo themanini na tatu hata uzito wa juu haruhusiwi kuingia. Kwa vipimo vya leo, baba hakuwa bingwa wa uzito wa juu. Kwa vipimo vya jana alikuwa. Sasa mimi Jumamosi nitumie vipimo vya lini?"

Mama Pacha alichukua shati tena, akalikunja, akalikunjua. "Wewe utasema baba angeshinda," akasema. "Umesema miaka ishirini na tisa, leo ndiyo umechoka?"

"Nilikuwa nasema kweli. Nikisema Jumamosi nitakuwa nadanganya."

"Na maneno si yale yale?"

"Yale yale kabisa." Hapo Fundi mwenyewe akachanganyikiwa.

Ijumaa asubuhi alikwenda buchani. Tingatinga alikuwa nyuma ya kaunta, amekaa kwenye kiti cha chuma kilichoimarishwa kwa nondo, akikata mifupa kwa mkono mmoja. Jitu hasa, kilo mia na thelathini na ushei, magoti yote mawili yamefungwa bandeji.

"Fundi, mizani iko sawa, nimeiangalia leo."

"Sikuja kwa mizani, bingwa. Nimekuja kukuuliza. Wewe na Nyundo, nani angeshinda?"

Tingatinga alicheka mpaka ndoano za nyama zikagongana. "Unaniuliza mimi? Mimi nilikuwa namwogopa yule mzee kuliko mtu yeyote niliyepigana naye. Kila siku nikiingia mazoezini, ubao ule pale mbele yangu. Mia na themanini na nne. Mimi nina mia na nane. Nikajisemea, hawa wa zamani walikuwa wanakula nini? Nikaanza kula. Nilikula miaka kumi, fundi. Nilikuwa naamka kula, nalala, naamka nakula. Mapambano yameisha mimi bado nakula. Nilifika mia na arobaini, magoti yakagoma. Daktari akaniuliza, kijana, unafukuza nini? Nikamwambia, nafukuza rekodi."

Fundi alitazama sakafu. Kulikuwa na vumbi la mbao lililomwagwa kunyonya damu, na alilisoma kama gazeti.

"Bingwa. Ile ilikuwa ratili."

"Ipi?"

"Mia na themanini na nne."

Shoka la kukatia mifupa lilibaki hewani. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri maini aliamua maini yanaweza kusubiri, akatoka.

"Ratili hizo ni kilo ngapi?"

"Themanini na tatu na nusu."

Tingatinga alishusha shoka polepole. Akatazama goti la kulia, akatazama la kushoto. "Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeshampita," akasema, "siku ya kwanza naingia mlangoni."

"Ulishampita."

"Haya magoti ni ya ratili."

"Ndiyo, bingwa."

Kisha Tingatinga akasema kwa sauti ya chini, "Lakini subiri. Mtu wa kilo themanini na tatu, bila kupigwa, na glavu zile nyembamba, raundi kumi na tano. Huyo si ndiyo wa kuogopwa zaidi? Jitu la mia na themanini na nne nitamwona anakuja. Huyu ningemwona wapi?"

"Sijui."

"Niambie, mimi ningempiga au nisingempiga?"

"Nilikuja kukuuliza wewe."

Walitengana hivyo, kila mmoja amechanganyikiwa zaidi kuliko alivyokuja, ingawa Tingatinga hakuwa amekuja popote.

Jumamosi saa nne, ukumbi ulijaa. Wazee walikaa kulia, vijana kushoto, katikati mizani ya jukwaa inang'aa kama imeoa. Mchoraji alikuwa nje tayari juu ya ngazi, brashi mkononi. Nyundo aliingia ameshikwa mkono na Mama Pacha, koti la bluu, vifungo vimesuguliwa. Alitazama umati huo wote na kumnong'oneza bintiye, "Nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Ni siku yako."

Fundi alikuwa na karatasi mfukoni. Usiku kucha, tuseme kweli, alikuwa ameiacha tupu. Alikuwa amejipa ahadi kwamba akifika mbele atasema jina la mkwe wake, maana jina hilo lilijua njia yenyewe. Hakuwa na haja ya kutaja ratili. Nani angejua? Kutu ilishatoka, lakini maandishi yalikuwa upande wake tu.

Katibu akagonga meza. "Kwanza, kupima uzito."

Nyundo alipandishwa. Fundi alisogeza jiwe la mizani kwenye mkono wa shaba, mpaka ukatulia.

"Soma, mkwe," akasema mzee.

"Mia na thelathini na nne."

Upande wa wazee wakapiga makofi. Miaka themanini na moja na bado ana mia na thelathini na nne. Upande wa vijana wakatazamana: mzee mwenyewe alikuwa mwembamba kama fimbo ya pazia, lakini nani atabishana na mizani?

Akapanda Tingatinga. Jukwaa likalia. Fundi akasogeza jiwe, akasogeza, akaongeza jiwe la akiba.

"Mia tatu na sita."

Hata vijana wake mwenyewe walijua Tingatinga ni mkubwa, lakini mia tatu ni ng'ombe. Kijana mmoja mwenye kofia akainua mkono. "Fundi, samahani. Mia tatu na sita nini?"

Yapo maswali ambayo mtu akiulizwa kwa kazi yake hawezi kudanganya, hata kama anaweza kudanganya kwa kila jambo lingine. Ukimuuliza Fundi kama anakupenda, anaweza kukudanganya. Ukimuuliza kipimo, ulimi wake humkimbia.

"Ratili," akasema.

"Na Nyundo, ile mia na themanini na nne ya ubaoni?"

Fundi alimtazama mkewe. Mama Pacha alitazama dari.

"Ratili."

Kelele zilizofuata zilivunja kiti cha tatu. Vijana walisema wameibiwa. Wazee walisema hawakumficha mtu, wao kila siku walijua ni ratili, nani mjinga angedhani kilo? Mmoja wa makamu wenyeviti akauliza kama hii inamaanisha Nyundo alikuwa mwepesi au Tingatinga alikuwa mzito, na mwingine akamjibu kwamba ni yote mawili, na wa tatu akasema haiwezekani ikawa yote mawili, kura ipigwe.

Nyundo ndiye aliyeinua mkono. Wakanyamaza, kwa sababu mkono ule hata sasa ulikuwa mkubwa.

"Ninyi mlidhani mimi nilikuwa na kilo mia na themanini na nne?" akauliza. Alitazama upande wa vijana, kisha akatazama mlango wa ukumbi. "Ningepita wapi?"

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Tingatinga. Alicheka akishika magoti.

"Mkwe," mzee akasema, "hebu tuambie sasa. Mimi na huyu mnene. Nani angeshinda?"

Fundi alifungua kinywa. Jibu lilikuwa pale kwenye ulimi, limekaa miaka ishirini na tisa. Akamwona mchoraji dirishani, brashi imechovywa. Akamwona mkewe. Akaiona mizani aliyoisugua kwa mikono yake mwenyewe.

"Sijui, baba."

Mama Pacha alifumba macho. Mzee alimtazama mkwewe kwa muda, uso wake unatafuta kitu. Kisha akatabasamu, meno manne.

"Hata mimi sijui," akasema. "Ndiyo maana watu walikuwa wananunua tiketi."

Katibu alitaka uamuzi uingie kwenye faili. "Sijui" haina kisanduku chake. Akaandika "sare." Lakini kwa sheria za ndondi, pambano likiwa sare bingwa hubaki na mkanda wake, na hapa wote wawili walikuwa mabingwa ambao hawakupigwa, kwa hiyo wote wawili walibaki na mkanda mmoja, na rangi ilitosha uso mmoja na sikio. Waliendelea hadi saa saba. Mwishowe mchoraji, ambaye miguu ilikuwa imemfa ganzi kwenye ngazi, alipiga kelele kutoka nje kwamba atachora kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu ukumbini aliyekibishia. Wakatafuta. Kikapatikana kimoja: namba.

Ndiyo sababu leo ukipita pale utakuta ukutani, kwa herufi nyeusi za futi mbili, 184 RATILI, na chini yake, kwa ombi la mwenye bucha, 108 KILO. Hakuna jina, hakuna uso. Wapita njia hudhani ni ghala. Juma la kwanza alikuja mama mmoja na gunia la mahindi, akauliza kwa nini wa juu wanapimiwa ratili na wa chini kilo, na ni dirisha lipi. Vijana husimama chini na kubishana ipi ni kubwa. Simu hutolewa, hesabu hufanywa, na bado hawaafikiani.

Daftari la Fundi lina kurasa arobaini na moja zilizopigwa mstari. Ameanza upya. Raundi ni kumi na tatu kamili, nusu ameifuta. Bundi amewekwa pembeni mpaka apatikane mtu aliyemwona akipanda ngazi, aseme kama zililia.

Kila jioni anamtembeza mkwewe mpaka ukutani na kurudi. Siku nzuri mzee husimama, husoma namba kwa kidole, kisha hujigonga kifua. "Huyo ni mimi," husema, na huuliza swali lake, na Fundi hujibu, "Sijui, baba," na mzee hutembea akirudi kwa hatua za mtu mwenye pambano kesho.

Siku nyingine husimama muda mrefu.

"Mia na themanini na nne," alisema juzi. "Huyu namjua. Alikuwa na mkono wa kushoto, we acha tu. Anaishi wapi siku hizi?"

"Kwetu, baba. Chumba cha nyuma."

"Kumbe." Mzee alifunga kifungo cha juu cha koti lake. "Basi twende tukamsalimie."